Wasifu wa Matone, Mpima Damu, na Majibu Kumi na Tisa Aliyotaka Yarudiwe

Ndugu, majirani, na wote mlioacha shughuli zenu leo Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025 kuja kutusindikizia kaka yetu, tunawashukuru. Tunamshukuru na Mungu aliyetuazima mtu huyu kwa miaka sitini na moja, miezi mitatu na siku kumi na tatu.

Marehemu aliacha agizo. Alisema habari za maisha yake zisisomwe bila kutaja watu kumi na tisa aliowapima damu kati ya tarehe 3 Machi na tarehe 23 Mei mwaka huu, wakapewa majibu yasiyo ya kweli. Kumi na saba tumewapata. Wawili bado. Jana familia ilipokaa kupanga mazishi, kaka yetu mkubwa hakupenda jambo hili liingie kwenye karatasi. Alisema, "Msibani mtu anatajwa mema yake. Mengine yanazikwa naye." Mjane akamjibu, "Shemeji, haya ndiyo mema yake." Mwishowe kaka mkubwa akasema, "Basi soma. Lakini soma polepole, wasikie vizuri." Kwa hiyo nitasoma polepole.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 3 Julai 1964, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba namba kumi na mbili. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yetu alikuwa dereva wa treni ya mizigo na mama yetu alikuwa wa nyumbani. Tulilala watu sita chumba kimoja, pazia katikati, na aliyetaka kugeuka usiku alilazimika kuwaamsha wenzake wageuke pamoja naye. Mama alikuwa akisema kwamba huyu tangu mdogo alikuwa na mkono mtulivu. Tukiugua kikohozi, yeye ndiye aliyepewa chupa ya dawa na kijiko, kwa sababu hakuwahi kumwaga hata tone, na hakuwahi kumpendelea mtu. Mimi nililia nipewe kidogo zaidi kwa sababu ilikuwa tamu. Akaniambia, "Kilichoandikwa kwenye chupa ni kijiko kimoja, mdogo wangu. Ukinuna, ni kimoja. Ukicheka, ni kimoja."

Alianza shule ya msingi mwaka 1972 akamaliza 1978, kisha sekondari kuanzia 1979 hadi 1982. Katika familia yetu yeye ndiye aliyefika mbali kwa masomo, sisi wengine tuliishia darasa la saba. Alitaka sana kuendesha treni kama baba. Alijua majina ya stesheni zote kwa mpangilio, kwenda na kurudi, na jioni alikaa ukutani akizitaja. Baba alikataa. Alisema, "Mimi nimepigwa jua la kutosha kwa ajili yetu sote. Wewe utafanya kazi ya ndani." Marehemu hakubishana na mzee wake. Mwaka 1984 aliingia chuo cha maabara, akahitimu mwaka 1986 akiwa wa tatu katika darasa la wanafunzi thelathini na mmoja. Stesheni zile aliendelea kuzijua mpaka anazeeka, ingawa nyingi hakuzifikia.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa katika maabara ya hospitali, akakaa huko miaka ishirini na mitatu. Mwaka 2010 alihamia maabara ya mtu binafsi, ambako alifanya kazi mpaka alipoangushwa na ugonjwa. Chumba chake cha huko wengi wenu hamkukiona kwa sababu hakikuwa cha wagonjwa. Kilikuwa nyuma ya ukumbi wa mapokezi. Dirisha lake lilizibwa kwa matofali ili vumbi na joto visiingie. Kulikuwa na meza moja, friji mbili, mashine ya kusoma rangi, na kiti ambacho ukikivuta nyuma kinagonga ukuta. Mwenyewe alisema upana wake ni sawasawa na kile chumba namba kumi na mbili, ila sasa hana wa kugeuka naye.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupima protini moja katika damu, ile inayopanda ini likianza kuota uvimbe. Niliwahi kumuuliza anakionaje kitu kisichoonekana, akanieleza nami nikaelewa, kwa hiyo na ninyi mtaelewa. Vipimo huja ndani ya boksi, na ndani ya boksi kuna sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, safu nane zenye herufi, kila safu namba kumi na mbili. Chini ya kila kishimo kiwanda kimepaka kitu kinachoidaka protini ile peke yake. Unatia maji ya damu ya mtu, unasubiri, unaosha. Mengine yote yanakwenda na maji, ile iliyodakwa inabaki. Kisha unatia kitu cha pili kinachoikamata kwa juu, ikabanwa huku na huku, haina pa kutokea. Mwisho unatia rangi. Kishimo kikigeuka njano iliyokolea, protini ni nyingi. Kikibaki cheupe, mtu anakwenda nyumbani na furaha.

Kila hatua ina dakika zake, na ukianza kudondosha huwezi kutoka. Ndiyo maana wenzake walimwita Matone. Binti yake wa kwanza alipozaliwa, tarehe 9 Juni 1992, mhudumu wa wodi alikwenda kumgongea mlango. "Matone, mkeo amejifungua, njoo." Akajibu kutoka ndani, "Mtoto analia?" "Analia." "Mama yake?" "Anakutukana." Akasema, "Basi wote wazima. Nipeni dakika kumi na nane." Binti huyo mpaka leo tunamwita Dakika, na hapa alipo ananiangalia kwa jicho kali.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kila sahani inatakiwa iwe na damu ambayo jibu lake linajulikana tangu mwanzo, ya kulinganishia, ili mpimaji ajue kama boksi lake linasema kweli. Kiwanda huweka yake ndani ya boksi. Lakini mkuu wake wa kwanza pale hospitalini hakuiamini. Alimfundisha akisema, "Ya kiwandani imetoka nyumba moja na boksi. Boksi likidanganya, nayo italitetea. Weka na damu yako wewe, unayoijua." Marehemu akashika neno hilo. Kila baada ya miezi mitano au sita alijitoa damu mkononi, akatenga maji yake, akayagawa kwenye vichupa vidogo, akagandisha. Kwenye kila kichupa aliandika neno moja, MZIMA. Miaka yote jibu la Mzima lilikuwa nne, au nne na kitu. Wenzake wakipita asubuhi walimuuliza, "Mzima kaamkaje?" Naye, "Kaamka salama, anawasalimu."

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Agosti 1990 na fundi cherehani aliyekuwa na chumba cha kushonea karibu na lango la hospitali. Walijuana kwa sababu ya koti jeupe lililokuwa linachanika kwapani kila mwezi. Wifi yangu huyu alimwambia, "Kaka, koti hili halina kosa. Wewe ndiye unakaa umejikunja siku nzima." Waliishi miaka thelathini na mitano juu ya duka lile lile la kushonea, ngazi kumi na sita, na Mungu aliwajalia mabinti wawili. Sikuwahi kusikia wakigombana kwa sauti. Wifi akikasirika alikanyaga cherehani kwa kasi, na marehemu akiwa juu alijua siku hiyo ashuke au asishuke.

Mwaka huu, tarehe 28 Februari, alijitoa damu kama kawaida, kwa sababu vichupa vya zamani vilikwisha. Wiki iliyofuata, Jumatatu tarehe 3 Machi, alifungua boksi jipya, la shehena mpya. Mzima akasoma kumi na sita.

Akasema boksi hili limepigwa joto njiani. Akafungua la pili la shehena ile ile. Kumi na sita. Damu ya kiwandani ilisoma sawasawa, lakini yeye alikwisha fundishwa asiisikilize. Wagonjwa wanasubiri pale mapokezi, mwenye maabara anagonga mlango, "Matone, majibu vipi, watu wanalalamika." Shehena nyingine haikutarajiwa kabla ya Juni. Ndipo akafanya kosa ambalo alilirudia kunieleza mpaka nikalijua kama sala. Alipiga hesabu kwamba kama Mzima wa nne anasoma kumi na sita, boksi linazidisha mara nne, basi kila jibu aligawe kwa nne. Jibu salama ni chini ya kumi. Mtu aliyekuwa na thelathini aliandikiwa saba na nusu, akaambiwa nenda nyumbani uko sawa. Alifanya hivyo wiki kumi na mbili, na waliokuwa juu ya kumi wakashushwa chini yake walikuwa kumi na tisa.

Hakufanya kwa ulevi wala kwa uzembe. Sikumbuki siku aliyofanya kitu kwa uzembe.

Wakati huo huo wifi alikuwa anapunguza suruali zake. Mara ya kwanza alishona akamrudishia. Mara ya tatu alishuka nayo mkononi akamsimamisha mlangoni. "Baba Dakika, mimi ni fundi wa nguo, watu siwajui. Lakini kiuno hiki kinakwenda wapi?" Akamjibu, "Ni mawazo. Yale maboksi yananichosha." Naye akaenda kazini.

Ijumaa tarehe 23 Mei alikuwa anakwangua barafu ndani ya friji, akakuta kichupa kimoja cha Mzima kimeganda nyuma, cha mwaka jana. Akakiweka kwenye sahani moja na kichupa kipya, kishimo kwa kishimo, boksi moja, saa moja. Cha zamani kikasoma nne. Kipya kumi na sita. Alisema alikaa pale akitazama, cheupe na njano vimekaa jirani, na alielewa mambo mawili kwa pamoja na hakujua aanze kuogopa lipi. Boksi halikuwa na kosa. Akajitoa damu siku hiyo hiyo akapima tena. Hamsini na nane.

Alikuja nyumbani saa kumi jioni, akakaa kwenye kiti cha wateja, akamwambia mkewe, "Mama Dakika, mimi ni mgonjwa, na kuna wagonjwa nimewafukuza." Wifi anasema alilitaja lake kwa haraka, kama mtu anayepisha njia, kisha akaanza kuwazungumzia wale wengine.

Hospitali ya rufaa ilithibitisha tarehe 5 Juni kwamba ini lilikuwa limejaa uvimbe. Walisema kukata haiwezekani. Mwezi wa Julai miguu ilivimba, na zile ngazi kumi na sita zikamshinda. Tangu hapo hakushuka tena. Dirisha la chumba chao linatazama ukuta wa ghala, mkono mmoja mbele. Alilala akiutazama. Siku moja niliingia na uji nikamkuta anahesabu matofali, akaniambia, "Dada, nimedakwa chini na juu. Imebaki kuosha tu." Nikamkataza kusema hivyo. Akatabasamu akaomba uji.

Kilichomtesa kuliko maumivu ni daftari. Majina ya watu na namba zao za simu ziko kwenye daftari la mapokezi, na daftari liko kwenye kabati la chuma la mwenye maabara. Aliandika barua mbili za kuliomba. Tarehe 19 Julai mwenye maabara alikuja mwenyewe na matunda, akakaa kwenye stuli ya wifi. Nilikuwepo.

Alisema, "Mzee, umetutumikia vizuri. Sasa pumzika."

"Nipe daftari, nipumzike."

"Ukilitangaza hili tumefunga. Pale tuko watu kumi na wanne. Watakwenda wapi na familia zao?"

"Na hawa kumi na tisa?"

"Hawa pengine ni wazima."

Marehemu akamwambia, "Hiyo pengine ndiyo niliyowaandikia mimi."

Mwenye maabara aliinuka. Si mtu mbaya, na wale kumi na wanne nawajua, wengine tunasali nao. Lakini aliondoka bila kutuachia daftari, na ile mifuko ya matunda ilikaa pale pale mpaka mmoja ukaanza kunuka.

Basi marehemu akaomba kalenda ya ukutani. Akaigeuza nyuma akachora sahani, mistari nane na kumi na miwili, na kwa kuwa siku zote aliwapanga watu kwenye vishimo kwa mkono wake, akaanza kuwakumbuka. Alitumia siku nne. Alifumba macho akasema, "C sita, tarehe 20 Machi, fundi viatu wa karibu na posta, ishirini na nane nikaandika saba." Dakika aliandika. Akichoka walimfuta jasho akaendelea. Jina la mtu hakulijua, lakini kishimo alikijua, na karani wa mapokezi, mwanamke mwenye moyo, alikuja Jumapili akatuambia sura na mitaa aliyokumbuka.

Tangu hapo wifi nami tukawa watu wa kugonga milango. Fundi viatu tulimkuta kazini na misumari mdomoni. Alitusikiliza akaitoa. "Mama zangu, mimi niliambiwa niko sawa. Karatasi ninayo."

Wifi akamwambia, "Karatasi hiyo ndiyo tumeifuata, baba."

"Mnataka kuninyang'anya afya yangu?" Akacheka. Sisi hatukucheka, naye akaacha. Akafunga kibanda, akatufuata. Uvimbe wake ulikuwa mdogo, umekatwa mwezi wa tisa, na yuko hapa leo, mstari wa nyuma, amevaa kofia ya kijivu.

Wengine hawakuwa hivyo. Mama mmoja muuza vitabu, tulipofika kwake tulipewa maji na viti, kisha mumewe akatuambia kwamba walimzika Agosti. Tulimweleza hata hivyo, kwa sababu marehemu alituagiza tusimfiche mtu. Alitutazama, akasema asante, akatufungulia mlango. Katika kumi na saba, kumi na mmoja walipimwa upya wakaonekana hawana uvimbe. Wanne wanatibiwa. Wawili tulichelewa. Kila tulivyorudi marehemu aliuliza kabla hatujavua viatu, na tulimwambia kama ilivyo. Kwa wawili wale aligeukia ukuta, na kesho yake akauliza, "Nani anafuata?"

Alipokea sakramenti tarehe 12 Oktoba akiwa na akili zake zote. Alhamisi tarehe 16 Oktoba, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mkewe, alimaliza safari yake. Neno la mwisho tuliloelewa lilikuwa swali, kama mchomeleaji, mmoja wa wale wawili waliobaki, amepatikana. Tulimwambia bado. Hatukutaka kumdanganya mtu aliyekuwa anakwenda mbele za Mungu.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu, kaka mmoja na dada wawili. Ameacha pia watu wawili ambao hawajapatikana, na mwenyewe aliagiza watajwe pamoja na familia.

Wa kwanza ni B kumi na moja, aliyepimwa tarehe 14 Aprili. Ni mwanamume mrefu, mchomeleaji wa vyuma, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakina ukucha. Jibu lake la kweli lilikuwa thelathini na tatu.

Wa pili ni G nne, aliyepimwa tarehe 6 Mei. Ni mwanamke wa makamo, mpishi katika shule ya bweni, aliuliza mara mbili kama anaweza kuendelea kuinua masufuria mazito, akaambiwa anaweza. Jibu lake la kweli lilikuwa thelathini na nane.

Karatasi hii msiiache hapa kwenye viti. Nendeni nayo nyumbani, isomeni kwa jirani, kwa fundi, kwa mwenye mtoto bweni. Mwenye kuwajua aje kwa mjane, juu ya duka la kushonea, mlango wa kijani, saa yoyote.

Na mwenye maabara yuko nasi hapa, amekuja kumzika mfanyakazi wake, tunamshukuru kwa heshima hiyo. Baba, hatuombi daftari lote. Ni kurasa mbili, ya tarehe 14 Aprili na ya tarehe 6 Mei. Tukimaliza kufukia kaburi, mjane na mimi tutafuatana nawe mpaka kwenye kabati. Tumekwisha vaa viatu vya kutembea.

Ee Mungu, mpokee kaka yetu, umpe mapumziko na amani aliyoikosa miezi hii. Amina.